Kuhe na watoto wake

Mashariki ya Kabambare, ng'ambo ya milima, liko Ziwa Tanganyika. Maji yake hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, kisha hupita katika nchi ya Kasongo. Maji ya ziwa hilo ni maangavu. Mtu akizama na kioo machoni huona mbali.

Humo yuko samaki aitwaye kuhe. Urefu wake huweza kupita sentimeta 60. Jike hutaga mayai maelfu juu ya mchanga au jiwe, na dume hukaa karibu naye. Watoto wakitoka, wazazi wote wawili huwazunguka, wakifukuza samaki wanaotaka kuwala.

Mzamaji akiwasogelea mno, wazazi huogopa na kukimbia. Mara adui huja na kuwameza watoto. Tena mvuvi akimnasa mzazi mmoja, yule aliyebaki hawezi kulinda pande zote. Kwa hiyo mwenye akili hutazama kwa mbali, wala hashiki kitu. Akiwaacha wazazi leo, kesho atakula samaki.

Maulizo: Nani huwalinda watoto wa kuhe? Kwa nini mzamaji asiwasogelee?