Chupa Moja kwa Wadudu Wote

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kabla muuza chapati hajakunja meza yake, hupita baiskeli yenye kipaza sauti: "Dawa ya kunguni, mende, chawa, viroboto, panya!" Sauti ni ya kurekodiwa, haichoki wala haimezi mate. Chupa ni moja, mahasimu ni watano. Tangazo ni tamu, ila mmoja kati ya hao watano ananyonyesha watoto wake, mwingine anaishi mwilini mwa mtu, na kunguni hajawahi kuonja makombo ya jikoni. Viumbe wasiolala pamoja wala kula pamoja hawawezi kufa kwa njia moja.

Kunguni ndiye anayewaaibisha watu bure. Hana habari na uchafu. Anachotafuta ni damu na ufa wa kujibanza. Mwaka 2023 jiji la Paris lilijikuta likihangaika na habari za kunguni kwenye sinema na treni, kwa hiyo aibu hiyo haina sababu ya kukaa uswahilini peke yake. Mchana hujificha kwenye maungio ya chaga, mishono ya godoro, nyuma ya picha ukutani, hata ndani ya soketi ya umeme. Jike hugandisha mayai yake mbaoni, meupe na madogo kuliko punje ya mchele, na yakikaa siku 6 hadi 10 huanguliwa. Dawa nyingi za kupuliza haziyafikii yaliyomo ndani ya ganda. Hapo ndipo chupa ya barabarani inapoumbuka: Jumamosi wakubwa wanakufa, wenye chumba wanalala usingizi mnono, na wiki inayofuata watoto wanatoka na njaa yao. Asiyerudia baada ya wiki mbili hivi amefanya kazi nusu. Na kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, anayepuliza chumba kimoja anamhamishia jirani wageni.

Sumu nazo zimechoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili DDT ilisifiwa kuwa ndiyo mwisho wa kunguni, lakini kufikia mwaka 1947 walikwishaonekana kunguni wasiodhurika nayo huko Pearl Harbor, Hawaii. Vizazi vilivyofuata vimezoea dawa nyingine pia.

Kinachomshinda ni joto. Likizidi nyuzi 50 za Selsiasi, mdudu hafui dafu wala yai lake halisalimiki. Ndiyo maana maji yanayotokota yakimiminwa kwenye kila tundu la chaga na miguu ya kitanda, yakifuatwa na pasi ya moto kwenye shuka na mishono ya nguo, hufanya kazi ambayo chupa tatu zimeshindwa. Godoro likianikwa tu juani, kunguni huhamia upande wa kivuli. Likifungwa ndani ya nailoni nyeusi na kuachwa kwenye jua kali, hawana pa kukimbilia. Mafuta ya taa, ambayo wengi huyapaka kitandani, huua wale yanaowagusa na kuacha kitanda kinachosubiri njiti ya kiberiti.

Mende ana siri nyingine. Yule mdogo wa hudhurungi mwenye mistari miwili shingoni, anayejaa nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati, hubeba kifuko chenye mayai 30 au zaidi mpaka karibu na siku ya kuanguliwa. Yule mkubwa mwekundu kwa kawaida hutoka kwenye mabomba na mashimo ya maji taka. Wa kwanza hutegewa chambo cha jeli, matone madogo karibu na maficho yake. Anakula, anarudi kufia nyumbani, na wenzake hula kinyesi na mzoga wake wakapata sumu hiyo hiyo. Ukipuliza dawa juu ya jeli umeiharibu karamu, kwani mende ataikwepa. Wa pili dawa yake ni kuziba: wavu kwenye tundu la bafuni, kifuniko kwenye chemba.

Hata jeli haikosi upinzani. Mwaka 1993 mtafiti Jules Silverman aliandika kuhusu mende wa Florida waliokataa chambo chenye glukosi. Miaka 20 baadaye ilielezwa kwamba kwenye ndimi zao, kama mende anaweza kusemwa kuwa na ulimi, sukari hiyo ilikuwa imegeuka kuwa chungu.

Sisimizi wa jikoni ni shauri dogo. Mstari wao unafuata harufu iliyoachwa na waliotangulia, na kuupuliza ni kuua watumwa wakati malkia yuko shimoni anataga. Futa njia kwa maji ya sabuni au siki, ficha sukari, kisha fuata msafara uone unakoelekea. Mara nyingi unaishia bustanini, nao haukwenda kutembea.

Kwenye tuta la mchicha au chini ya majani ya kunde, sisimizi wanafuga. Mifugo yao ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta kwa sababu ya utomvu mtamu wanaoutoa, na sisimizi huwalinda ili waunywe. Jike la kidukari huzaa bila dume, watoto hai, nao kwa wiki moja hivi wako tayari kuzaa. Shina lililokuwa safi Jumatatu laweza kuwa jeusi Jumapili ya pili.

Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, kikipulizwa jioni chini ya majani, huwaua wengi, mradi kimewagusa. Wakishinda, upo mwarobaini. Mbegu zilizokaushwa na kutwangwa, gramu 50 kwa lita moja, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa maji yanayomkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga asijivue ngozi. Jua huyamaliza nguvu haraka, kwa hiyo nayo ni kazi ya jioni. Kabla ya yote hayo, tazama kama kuna mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Watoto wao, weusi na wenye sura ya mamba mdogo, huonekana wabaya na watu huwaponda, kumbe ndio walaji wakubwa wa vidukari katika bustani nzima.

Nyanya zina msiba wao. Kantangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kufika Tanzania na Kenya mwaka 2014, hutaga kwenye jani, na kiwavi wake hutoboa akaishi katikati ya tabaka zake kama mtu ndani ya shuka. Dawa inayopita juu haimwoni. Wakulima wanaofanikiwa huanza mapema: wanatega beseni la maji lenye harufu ya nondo jike ili kunasa madume, wanachuma na kufukia majani yaliyochorwa michirizi, na wanageuza mazao badala ya kupanda nyanya juu ya nyanya.

Dawa ya dukani inaweza kuhitajika. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na chupa halali ina lebo inayotaja kilichomo, kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkanda mwekundu kwenye lebo ni sumu kali kuliko zote. Wa kijani ndio wenye hatari ndogo. Dawa ya shamba iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina lolote kati ya hayo, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Mchwa wanabaki. Ukiona mkondo wa udongo unapanda ukutani, ubomoe uone: ukirekebishwa ndani ya siku chache, chini yake kuna kundi hai, na kazi ni ya kutia dawa kwenye udongo, si ukutani. Mvule na mninga huwashinda meno kuliko mbao laini. Mvua za kwanza zikishuka, baadhi ya mchwa hao hao huota mbawa na kuwa kumbikumbi, na Magharibi mwa Kenya na Uganda watu hukinga beseni chini ya taa, wakawapepeta mbawa na kuwakaanga kwa chumvi.