Jani la Mtapo na Namna ya Kulitambua

Katika misitu ya pwani, tangu Shimba Hills katika Kenya hata upande wa Tanga, huota mti uitwao mtapo. Mwaka 1874 wataalamu waliupa jina la Encephalartos hildebrandtii, kwa heshima ya J. M. Hildebrandt, Mjerumani aliyesafiri huku akikusanya mimea. Mara nyingi tumewaonyesha wanafunzi mti huu, nao hujibu, “Ni mkindu.” Kosa hilo si dogo. Tunda la mkindu huliwa, bali mbegu nyekundu ya mtapo ina sumu iharibuyo ini.

Basi tutautambuaje? Tusiangalie urefu wa jani, maana la mtapo hufika futi 6 hata 10, na la mkindu laweza kufika hapo. Wala tusiitegemee miiba ya shinani. Jani limepangwa vijani pande mbili za uti wake, na katika miti yote miwili vijani vya chini hupungua kidogo kidogo hata vikawa miiba mitupu.

Na tuchume kijani kimoja, tukiinue mbele ya jua. Cha mkindu kimekunjwa katikati kama mfereji, na kingo zake hazina meno. Cha mtapo ni bapa na kigumu, na mara nyingi kingo zake zina meno machache yenye ncha kali. Tena hakina uti wa katikati, ila mishipa mingi myembamba iendayo sambamba. Mtu atakaye chelewa za ufagio, kama zitokazo katika kuti la mnazi, hapati hata moja. Na jani likiwa changa hufunikwa na manyoya kama sufi, ambayo hupukutika likikomaa.

Zamani, wakati wa njaa, watu wengine wa pwani waliula mtapo, lakini baada ya kuukausha na kuuloweka siku nyingi. Asiyejua kazi hiyo asithubutu kuijaribu, wala watoto wasizichezee mbegu zake.

Hata hivyo tusiukate kwa sababu ya sumu yake. Mtapo hukua polepole mno, na shina lililokatwa leo halirudi upesi. Tukiisha kukitazama kijani chetu, tuuache mti usimame, wajukuu nao wapate kujifunza.