Mpindo, Nukta na Vishikio: Uchongaji wa Kidijitali kwa Lugha ya Kiswahili

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa walimu wa West Nile, uamuzi huo unazua swali. Watu wa Arua na Koboko wamekuwa wakikisikia Kiswahili kwa miaka mingi sokoni, jeshini na kwenye mpaka wa Kongo. Je, Kiswahili hicho kinaweza kumwongoza mwanafunzi aliyeketi mbele ya kompyuta? Katika makala haya tunatumia mfano mmoja, nao ni zana ya mpindo katika programu za uchongaji wa kidijitali.

Kwanza tuanze na istilahi. Mwanafunzi akiambiwa achore "mviringo", atachora duara. Akiambiwa "mkunjo", atafikiria nguo iliyokunjwa. "Tao" nalo linafaa kwa umbo la upinde tu, ilhali mstari wa kompyuta unaweza kupinda huku na kule kama njia ya mlimani. Kwa sababu hiyo tunapendekeza neno "mpindo", kutokana na kitenzi "pinda".

Mpindo unaotumika zaidi umepewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa. Yeye, pamoja na Paul de Casteljau wa Citroën, kila mmoja kwa upande wake, walishughulikia hesabu za mipindo hiyo miaka ya kuzunguka 1960, ili mabodi ya magari yachorwe kwa usahihi. Kila kipande cha mpindo huo kina nukta mbili za mwisho na vishikio viwili. Mstari hupita kwenye nukta, lakini vishikio huuvuta tu kutoka mbali. Kishikio kikielekezwa upande mwingine, mstari hufuata. Kikirefushwa, mvuto huongezeka.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa Dadamu, pembezoni mwa Arua, anayetaka kuchonga adungu, kinubi cha Waalur chenye shingo iliyopinda. Anaweza kutumia Blender, programu ambayo msimbo wake ulifanywa huria mwaka 2002 baada ya yuro 100,000 kuchangwa, na ambayo hailipiwi. Hatua zake ni hizi:

1. Aweke mpindo wenye nukta mbili: moja kwenye mwili wa kinubi, nyingine kwenye ncha ya shingo.
2. Avute vishikio mpaka mstari upinde kama shingo ya adungu halisi.
3. Aupe mstari unene, nao utakuwa kama bomba.
4. Atunze nakala, kisha aubadili mpindo kuwa wavu, yaani uso wa vipande vidogo vidogo vilivyoungana.
5. Achukue brashi za kuchongea na kuendelea na kazi.

Nakala inahitajika kwa sababu mpindo ukishakuwa wavu, nukta na vishikio vyake hupotea. Katika ZBrush, programu ya kulipia, ziko brashi zinazoacha bomba moja kwa moja juu ya umbo pale mkono unapopita. Mpindo huo huweza kurekebishwa, lakini ukigusa sehemu nyingine ya umbo, mstari hutoweka na bomba hubaki.

Kosa la kawaida la mwanafunzi mgeni ni kuweka nukta nyingi. Hudhani kwamba nukta zikiwa nyingi mpindo utakuwa mzuri zaidi, kumbe anapata matuta. Shingo ya adungu inatosheka na nukta mbili au tatu. Nyuzi zake hazihitaji kupindishwa kabisa: nukta mbili na unene mdogo vinatosha.

Hapa ndipo somo la lugha linapokutana na somo la kompyuta. Mwalimu akisema "pindisha shingo", mwanafunzi atavuta kishikio. Akisema "pindua shingo", ataigeuza juu chini, wala hatakuwa amekosea. Kiambishi kimoja cha mnyambuliko kimebadilisha kazi nzima. Mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili kwa kusikia sokoni huenda hajawahi kulazimika kutofautisha vitenzi hivyo viwili. Kompyuta itamlazimisha, na tofauti ataiona kwa macho yake.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wafanye mambo mawili. Mosi, wachague istilahi moja kwa kila dhana na kuishikilia tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Pili, kwa kuwa amri za programu hizi mara nyingi husomwa kwa Kiingereza, wanafunzi waziandike upya kwa Kiswahili kama maagizo, kisha wabadilishane na wenzao wayafuate neno kwa neno. Agizo likizaa umbo lisilokusudiwa, darasa zima litafute ni neno gani lililopotosha. Zoezi hilo litawafaa hata wale ambao hawatachonga adungu nyingine maishani mwao.