Maji ya Ziwa Turkana hayafai samaki wa matumbawe

ANAYETAKA kufuga samaki wa mapambo wa baharini mjini Lodwar au Kakuma asidanganywe na ladha ya maji ya Ziwa Turkana. Lita moja ina takriban gramu 2.5 tu za chumvi. Ya bahari ina 35. Samaki wa matumbawe hawataishi humo.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni joto. Mchana wa Lodwar mara nyingi hufikia nyuzi 35, ilhali samaki hao huhitaji takriban 26. Maji yakipata joto oksijeni hupungua, na kundi zima laweza kufa usiku mmoja.

Isitoshe, maji hukauka upesi huku chumvi ikibaki. Hivyo tangi la kioo huongezwa maji yasiyo na chumvi, yale yale ambayo wanawake wengi wa Turkana huyafuata mwendo mrefu kwa miguu.