Batiki: mtoto afunge uzi, kostiki aachiwe mama

Mfanyabiashara anayevuka Namanga au Mutukula na mzigo wa batiki huuliza mambo mawili kabla ya kulipa: rangi haitoki, na mzigo utakuwa tayari lini? Nani amechovya, hilo haliulizwi. Batiki nyingi za ukanda huu hutengenezwa uani, na uani kuna watoto. Oda ikibana, mtoto huitwa kusaidia.

Kumfundisha si kosa. Hatari iko kwenye masufuria. Rangi za moto huchanganywa na kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Hata fundi mzima hutia kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, kwa kuwa hufoka. Nta nayo, ikipikwa moja kwa moja kwenye moto, hushika moto. Fundi makini huweka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji. Kazi hizo mbili si za mtoto, hata oda iwe ya kesho.

Zinazobaki ni nyingi, na ndizo zinazojenga jicho. Mtoto wa miaka sita anaweza kufunga maharage au vijiwe ndani ya kitambaa kwa uzi, akakaza, kisha mama akachovya. Uzi ukifunguliwa, kila palipofungwa pameacha duara jeupe. Akilegeza uzi, rangi hupenya na duara halionekani; hapo hahitaji kukaripiwa.

Badala ya nta, uji mzito wa unga wa ngano hufaa. Mtoto huchora nao juu ya pamba, huuacha ukauke kabisa, huukunjakunja upasuke, kisha hupaka rangi kwa brashi. Asichovye, maana uji utayeyuka. Rangi ikikauka, uji hutolewa kwa maji ya vuguvugu, na ile mishipa myembamba ya batiki hubaki. Wayoruba wa Nigeria hutumia uji wa muhogo kwa vitambaa vyao vya adire, kwa hiyo huu si mchezo wa chekechea tu.

Indonesia, lilikotoka jina batiki, wameliingiza somo hili darasani. Mafunzo ya wanafunzi yanayoshirikisha Jumba la Makumbusho ya Batiki la Pekalongan, kuanzia shule za msingi, yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2009 kuwa mfano wa kuigwa.

Kuna kazi nyingine ambayo watoto huipenda, na mnunuzi ananufaika nayo: ukaguzi. Uzi mmoja wa kitambaa huchomwa na mtu mzima, mtoto ananusa. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu, na rangi hizi haziishiki vizuri. Mwisho mtoto hupewa kitambaa cheupe kilicholowa, asugue batiki iliyokwisha kukauka. Kikichafuka, mzigo unarudi kusuuzwa kabla haujafika mpakani.