Mshubiri wa Kajiado na Kigoga cha Ulaya: Suala la Majina

Jina la mmea huweza kumwongoza mwanafunzi au kumpoteza. Jambo hili hudhihirika tunapolinganisha mshubiri uotao katika nyanda kavu za Kitengela na Kajiado na kigoga cha kaskazini mwa Ulaya kijulikanacho kisayansi kama Sphagnum. Mimea hii haikosi mahali pa kukutania: mboji itokanayo na kigoga hicho huagizwa kutoka Ulaya na kutumika katika vitalu vya miche nchini Kenya.

Mshubiri huo, Aloe secundiflora, una mizizi, maua mekundu na mbegu. Huhifadhi maji ndani ya majani manene, na vitundu vya majani yake hufunguka usiku ili maji yasipotee juani. Kigoga hakina mizizi, ua wala mbegu. Huenea kwa chembe ndogo ziitwazo spora, na seli zake tupu huweza kubeba maji yenye uzito wa takriban mara 20 ya uzito wake mkavu. Hata hivyo, mimea yote miwili imewahi kuwa tiba: utomvu wa mshubiri hupakwa vidondani, na kigoga kilichokaushwa kiliwafunga majeraha askari wa Uingereza katika vita vya 1914–1918.

Tofauti kubwa zaidi imo katika majina. Neno shubiri lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa subira. Mwenye kusema "chungu kama shubiri" anausema mmea anaoufahamu. Kigoga, kwa upande wake, mara nyingi huitwa kuvumwani. Neno hilo limeundwa kwa kuvu na mwani, ilhali kigoga si kuvu wala si mwani. Kiumbe kinachostahili jina hilo ni kile kinachoota juu ya mawe na magome, ambacho kwa hakika ni kuvu na mwani waishio pamoja.

Kosa hili si dogo. Mboji huongezeka kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Anayeiita udongo mtupu hataona kinachoteketea inapochimbwa. Mishubiri mwitu nayo ilihitaji kulindwa kwa amri ya kupiga marufuku uvunaji wake nchini Kenya mwaka 1986. Kwa hiyo, muundaji wa istilahi hana budi kukitazama kitu chenyewe kabla ya kukipa jina.