Mwanzo wa bc, Programu ya Hesabu



Wengi wetu tumezoea kusema: kompyuta imejibu, basi ni kweli. Hebu tujaribu. Katika kompyuta nyingi za Linux kuna programu ndogo inayoitwa bc. Haina picha wala vifungo: unaandika hesabu yako katika mstari, unabonyeza, jibu linatokea chini. Tuandike 7/2, yaani kilo 7 za samaki kwa watu 2. Inajibu 3. Kumbe ile nusu kilo ya kila mtu imeenda wapi? Tukitaka kuelewa, inatupasa kujua asili yake.

bc ina mkubwa wake, dc, jina ambalo maana yake ni mashini ya hesabu ya mezani. Waliotunga dc ni Robert Morris na Lorinda Cherry, wa maabara ya Bell kule Murray Hill, Marekani. Mwaka 1970 maabara ilipata kompyuta mpya, PDP-11. Diski yake ilichelewa mpaka Desemba, lakini kabla haijafika dc ilikuwa tayari inafanya kazi. Basi ni moja ya programu za kwanza kabisa za Unix.

dc inataka namba kwanza, alama nyuma. Hesabu ya 3 + 4 × 5 inaandikwa hivi: 3 4 5 * + p. Namba zinapangwa moja juu ya ingine kama masahani. Alama * inaondoa 5 na 4, inaweka 20. Alama + inaondoa 20 na 3, inaweka 23. Herufi p inasema: onyesha. Tena dc haiogopi namba ndefu. Mbili kipeo cha 100 inaitoa yote, tarakimu 31.

Namna hii ni nyepesi kwa mashini, lakini mtu inamsumbua. Ndipo Cherry na Morris wakatengeneza bc, iliyotoka pamoja na Unix ya sita mwaka 1975. Humo tunaandika kama shuleni: 3+4*5. bc ya wakati ule haikuhesabu yenyewe, ilikuwa mkalimani tu: iligeuza maneno yetu kuwa ya dc, kisha dc ikahesabu. Baadaye wengine waliandika bc mpya zinazohesabu zenyewe, lakini desturi za mkubwa zilibaki.

Desturi moja ndiyo iliyokula samaki wetu. Katika kugawanya, bc haitoi kitu nyuma ya koma mpaka uiambie. Andika kwanza scale=2, kisha 7/2, nayo itajibu 3.50. (Nukta hiyo ndiyo koma yetu.) Tukifikiri, kuna busara hapo: 1 kugawanya kwa 3 haina mwisho, lazima mtu aseme ikomee wapi.

Basi wenzetu, hasa sisi wa darasa la sita tunaongojea mtihani wa Serikali, tukadirie kwanza kichwani, halafu ndipo tuulize mashini. Anayejua kwamba nusu ya 7 inapita 3 hatapokea jibu lile bila kuuliza.